Mashaka Yenye Sababu Zake

Katika vituo vingi vya afya vya Masisi na Walikale, wilaya mbili za Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, vile vilivyo mbali na barabara ya gari, anayeamua usiku kama mama mwenye uchungu abaki au apelekwe hospitali kuu ya rufaa si daktari. Daktari yuko Masisi-Centre, Mweso au Walikale-Centre, na kati yake na kituo kuna mlima, matope na pengine vizuizi viwili vitatu vya watu wenye bunduki. Anayeamua ni muuguzi au mkunga mwenye diploma ya A2 (ya sekondari) au A1 (ya chuo), na katika chumba cha uzazi mara nyingi ni mwanamke. Uamuzi wake una bei inayojulikana kijiji kizima: vijana wa kubeba tipoyi, yaani machela, pesa za kupitia vizuizi, mume atakayeuliza kama kweli ilikuwa lazima. Akimtuma mama hospitali na mtoto akazaliwa salama njiani, ataitwa mwoga. Akimbakiza na mambo yakaharibika, ataitwa muuaji. Mwanamke wa namna hiyo akisema hajiamini, wengi wetu tunaoshauri na kusimamia wataalamu tuna jibu tayari: aandikishwe semina.

Jibu hilo ndilo ninalolipinga hapa. Semina za kujiamini tunazijua: karatasi kubwa ukutani, kalamu za rangi, kila mshiriki aandike sifa zake tatu na kuzisoma kwa sauti. Hazina ubaya, na chakula cha mchana huwa kizuri. Tatizo ni dhana iliyo chini yake, kwamba mashaka yamo ndani ya mwanamke, na akishayatoa atakuwa huru. Mimi naona kinyume. Sehemu kubwa ya mashaka ya mwanamke mtaalamu wa Masisi na Walikale ni taarifa sahihi kuhusu mahali anapofanyia kazi. Amepima watu wanaomzunguka, akaona kwamba elimu yake inatambuliwa lakini neno lake halibebi uzito, akajipunguza ili alingane na hali hiyo. Ukimtibu yeye ukaiacha hali, umemfundisha kutosoma vizuri.

Dhana hii ina historia yake. Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika kuhusu wanawake zaidi ya 150 waliofanikiwa sana katika masomo na kazi lakini waliojiona matapeli wanaongoja kugunduliwa. Wao wenyewe hawakuiita hisia hiyo ya utapeli ugonjwa, na hadi leo haimo katika vitabu rasmi vya magonjwa ya akili. Wengi wa wanawake hao walikuwa Wazungu wa tabaka la kati na la juu. Jambo la kuzingatia ni kwamba nje yao kila kitu kilikuwa kinawathibitisha: vyeti, vyeo, sifa za wakubwa zao. Mashaka yalibaki ndani peke yake, yakipingana na ushahidi. Mwaka 2021 Ruchika Tulshyan na Jodi-Ann Burey walihoji matumizi ya dhana hiyo wakisema kwamba, hasa kwa wanawake wasio Wazungu, inawabebesha wanawake mzigo ambao ni wa mahali pa kazi. Walikuwa wakizungumzia ofisi za Marekani. Hoja yao ina nguvu zaidi ukiileta Kivu, ambako hata nje pana mashaka, na tena mashaka yaliyowahi kuandikwa kwenye sheria.

Kanuni ya Familia ya Kongo ya tarehe 1 Agosti 1987, katika kifungu cha 448, ilidai kwamba mke apate ruhusa ya mumewe kwa kila tendo la kisheria linalomfunga kutimiza jambo yeye mwenyewe. Mwanamke angeweza kusimamia wodi yenye wagonjwa arobaini, lakini asiweze kutia sahihi mkataba bila mumewe kukubali. Hali hiyo ilidumu karibu miaka 29. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliiondoa ruhusa hiyo, ikaweka makubaliano ya wanandoa wote wawili, lakini kifungu cha 444 kinachomtaja mume kuwa mkuu wa nyumba kilibaki. Mkunga aliyeanza kazi mwaka 2000 alitumikia miaka kumi na sita chini ya utaratibu uliomwambia waziwazi kuwa sahihi yake haitoshi. Kumwambia leo kwamba kasoro ni mtazamo wake ni kumwonea. Kilichofutwa Kinshasa hakifutiki siku hiyohiyo katika kichwa cha karani, cha mkwe, wala cha mwanamke mwenyewe.

Kisha ikaja vita juu ya vita. Mwezi Mei 2021 Kivu Kaskazini iliwekwa chini ya utawala wa dharura: gavana mwanajeshi, bunge la mkoa likasimamishwa, wakuu wa wilaya wa kiraia wakabadilishwa na maafisa wa jeshi na polisi. Watu wamelijadili jambo hilo sana kwa upande wa usalama, kidogo mno kwa upande wa ngazi za kupanda. Nafasi za uongozi wa kiraia, chache tayari kwa wanawake, zilipunguzwa na kupewa taasisi mbili zenye wanaume wengi kuliko zote. Desemba 2023 nchi ilipopiga kura, wilaya ya Masisi haikupiga kwa sababu ya vita, kwa hiyo hata mlango wa ubunge, ambao sheria ya uchaguzi ya 2022 ilijaribu kuufungua kwa kuziondolea dhamana ya fedha orodha zenye wanawake wasiopungua nusu, haukufika huko. Mwezi Aprili 2024 Judith Suminwa Tuluka akateuliwa kuwa mwanamke wa kwanza kushika uwaziri mkuu wa Kongo. Ilikuwa habari kubwa, na haki yake. Mwezi huohuo, siku ya mwisho, waasi wa M23 waliuteka mji wa Rubaya, huko Masisi. Mwanzoni mwa Januari 2025 wakaingia Masisi-Centre, mwishoni mwa mwezi wakaichukua Goma, mji mkuu wa mkoa, Machi 19 wakafika Walikale-Centre kabla ya kuondoka wiki mbili hivi baadaye. Mwalimu wa mji wa Sake, huko Masisi, aliyesikia habari za Waziri Mkuu mwanamke yawezekana alizisikia akiwa kwenye hema la kambi ya waliokimbia vita, Bulengo au Rusayo.

Kambi inastahili tuitazame kidogo, maana hufanya kitu ambacho semina haiwezi kukifuta. Inamchukua mkurugenzi wa shule mwenye miaka ishirini kazini na kumwandika kwenye orodha kama mkuu wa kaya yenye watu saba wanaohitaji turubai na unga. Hakuna anayemuuliza taaluma yake, kwa kuwa fomu haina nafasi hiyo. Baada ya miezi kadhaa ya kupanga foleni, mtu huanza kujiona kama fomu inavyomwona. Kambi za Goma zilivunjwa Februari 2025 na watu wakarudi vijijini. Wengi walikuta shule zimeharibika, na benki za Goma, ambako mishahara ilipitia, zimefungwa. Mwanamke asiyeleta mshahara hupoteza kiti chake katika mazungumzo ya nyumbani kabla hajakipoteza kazini.

Kuna na mzigo mwingine, ambao unatoka mbali zaidi. Mwaka 2010 Margot Wallström, mjumbe wa Umoja wa Mataifa kuhusu ukatili wa kingono katika vita, aliita Kongo makao makuu ya ubakaji duniani. Miezi michache baadaye, kati ya Julai 30 na Agosti 2, watu wasiopungua 387 walibakwa Luvungi na vijiji vingine kumi na viwili vya Walikale. Uhalifu huo ulikuwa wa kweli, na mahakama ya kijeshi ya Goma ilimhukumu Ntabo Ntaberi Sheka kifungo cha maisha mwezi Novemba 2020 kwa makosa yaliyojumuisha hayo. Lakini tangu hapo mwanamke wa Walikale, kokote aendako, hutanguliwa na Luvungi. Mwanasheria, mwanasaikolojia au mtaalamu wa kilimo kutoka huko akialikwa kwenye mkutano wa Goma, Kinshasa au Geneva, anaombwa ushuhuda. Tathmini ya bajeti anaombwa mwingine. Watu wanamsikiliza kwa machozi, wanampigia makofi, kisha wanaendelea na ajenda. Hapo ndipo mashaka yanapopata chakula kizuri: anajifunza kwamba thamani yake mbele ya wakubwa ni maumivu ya kwao, na kwamba akizungumza kama mtaalamu anashusha hamu ya chumba. Baadhi ya mashirika yanayomtetea yana mkono wao katika hili, na sioni sababu ya kuyafichia.

Kama mashaka yana sababu za nje, kujiamini kunajengwaje? Albert Bandura, aliyeandika mwaka 1977 kuhusu imani ya mtu katika uwezo wake wa kutenda, alitaja vyanzo vinne: kazi uliyoifanya ikafaulu, kumwona aliye kama wewe akifaulu, maneno ya watu unaowaamini, na hali ya mwili wako. Chenye nguvu kuliko vyote ni kile cha kwanza. Maneno matupu, ambayo ndiyo bidhaa kuu ya semina, ni dhaifu, kwa sababu kushindwa kumoja kunayafuta. Kuhusu mwili, mtu aliyelala na viatu miguuni kwa wiki tatu akisikiliza risasi atatetemeka mbele ya kikao. Anautafsiri mtetemo huo kuwa dalili ya kutoweza, kumbe ni usingizi. Kwa hiyo swali la maana ni hili: ni nini kinachompa mwanamke nafasi ya kufanya kazi ngumu, ikafaulu, na ikaonekana kuwa imefaulu kwa mkono wake?

Turudi kwenye chumba cha uzazi, kwa kuwa jibu moja liko pale mezani. Ni karatasi ya patogramu. Mkunga anaandika saa kwa chini, na kwa pembeni sentimita za mlango wa kizazi unavyofunguka. Anaweka alama, anapima tena, anaunganisha alama na alama. Katika muundo uliozoeleka kuna mistari miwili ya mshazari, ule wa tahadhari na ule wa hatua, ulio saa nne kulia kwake. Alama zikivuka mstari wa kwanza, mama wa kituo cha mbali anaandaliwa safari, kwa sababu saa zile nne zimewekwa ili afike hospitali kabla ya ule wa pili. Mistari hiyo ilibuniwa na Philpott na Castle na kuchapishwa mwaka 1972, katika Rhodesia ya wakati huo, kwa ajili ya wakunga waliokuwa mbali na daktari, yaani kwa ajili ya mtu yuleyule ninayemzungumzia. Tangu 2020 Shirika la Afya Duniani lina mwongozo mpya wa kufuatilia uchungu uliobadilisha mistari hiyo, ila wazo la kipimo kinachodai hatua limebaki. Angalia kinachotokea mume anapouliza kama ni lazima. Mkunga asiye na karatasi hana budi kujibu kwa nafsi yake: mimi naona hivyo. Mwenye karatasi anaonyesha mstari. Ubishi umeondoka kwenye swali la yeye ni nani, umekuja kwenye swali la alama imefika wapi. Na baada ya miezi sita anaweza kurudi kwenye karatasi zake, akahesabu mara alizoamua na alivyoamua vema. Hicho ndicho chanzo cha kwanza cha Bandura, kimeandikwa kwa kalamu ya wino.

Taaluma nyingine zina karatasi zao, au zingeweza kuwa nazo. Mkurugenzi wa shule mwenye barua ya uteuzi inayosema waziwazi kiasi cha pesa anachoweza kuidhinisha bila kuuliza mtu hajiulizi kama amevuka mpaka. Asiyekuwa nayo hujiuliza kila wiki, na wanaomzunguka hufaidika na kujiuliza kwake. Naamini mamlaka yaliyoandikwa yana faida kubwa zaidi kwa mwanamke kuliko kwa mwanamume, kwa sababu mwanamume hupewa mamlaka yasiyoandikwa bure, na mwanamke hunyimwa hata aliyoandikiwa, mpaka ayatoe mfukoni.

Kuna watakaonijibu kwamba wanawake wenyewe wanakataa vyeo. Hoja hii siidharau, tena ina ushahidi mzuri kuliko wengi wa wanaoitumia wanavyojua. Christine Exley na Judd Kessler walichapisha mwaka 2022 majaribio yaliyoonyesha kwamba wanawake hujipa alama za chini kuliko wanaume waliofanya vizuri sawasawa, hata wanapoambiwa wazi walivyofanya. Basi ushahidi peke yake hautoshi. Kuna kitu ndani. Nakubali. Mazoea huishi kuliko sababu iliyoyazaa, na mwanamke aliyefundishwa tangu utotoni kwamba kujisifu ni utovu wa adabu hatajisifu kwa kuwa tu umempa takwimu zake. Lakini tazama na upande wa pili. Laurie Rudman alionyesha mwaka 1998 kwamba mwanamke anayejinadi huonekana mwenye uwezo lakini hupoteza kupendwa, gharama ambayo mwanamume hailipi vile. Kule Walikale gharama hiyo ina jina baya zaidi: watasema cheo alikipata kitandani. Anayekataa uteuzi mara nyingi amekwisha kupiga hesabu ya uvumi, ya nyumba ya kazi isiyo na mlango imara, ya mume atakayechekwa kwenye pombe. Unaweza kuiita hesabu hiyo woga. Mimi ningekuwa na mtumishi anayepima hatari hivyo, ningempandisha cheo.

Dawa yake, kwa maoni yangu, ni kuacha kungoja mkono unyooshwe. Joyce He na wenzake walichapisha mwaka 2021 matokeo yanayofaa kusomwa na kila daktari mkuu wa zoni ya afya: watu wanapotakiwa kujiandikisha wenyewe kushindania nafasi, wanawake hujitokeza wachache, lakini kila mwenye sifa anapohesabiwa kuwamo mpaka aombe kutolewa, pengo hilo linafifia. Hakuna aliyefundishwa kujiamini kati ya hali hizo mbili. Kilichogeuzwa ni utaratibu wa orodha.

Bado kuna jambo ambalo karatasi na orodha havilitoshelezi. Wanyanga wa Walikale wana utendi wa Mwindo, uliorekodiwa na Daniel Biebuyck mwaka 1956 kutoka kwa Rureke na kuchapishwa pamoja na Kahombo Mateene mwaka 1969. Unaanza na chifu Shemwindo anayeamuru wake zake wazae mabinti tu, kwa hesabu ya mahari. Wengi huishia hapo. Lakini shujaa anaposhuka chini ya ardhi kumfuata baba yake, anaacha ncha ya kamba mikononi mwa shangazi yake, Iyangura, ili kamba ikitulia shangazi ajue kwamba yamemkuta. Yaani hata shujaa aliyezaliwa akitembea na kusema alihitaji mtu wa kushika kamba juu, na mtu huyo alikuwa mwanamke mkubwa kuliko yeye. Mkunga anayempigia simu mkunga mwenzake saa nane usiku, mwanasheria kijana anayejua kwamba kuna mwanasheria mkongwe atakayeuliza kesho kesi imeendaje, wana kamba. Immaculée Birhaheka, aliyepata tuzo ya Martin Ennals mwaka 2000 kwa kazi yake Goma, na Justine Masika Bihamba wa Synergie des Femmes walijenga mashirika, na shirika lolote la aina hiyo likifanya kazi vizuri, faida yake isiyoandikwa kwenye ripoti ni hiyo: anayeshuka anajua kuna anayeshika. Pia kuna wanawake wakubwa wanaoikata kamba kwa sababu wao walishuka bila yoyote. Hao nao tunawajua.

Pingamizi la mwisho linatoka kwa watu wema. Wanasema Masisi inahitaji amani, mbegu na dawa, na kuzungumzia kujiamini kwa wenye diploma ni anasa. Ningekubali kama mashaka yangemdhuru mwenye nayo peke yake. Lakini mkunga anayechelewa saa tatu kwa kuogopa kulaumiwa, mwalimu anayekubali alama za mtoto wa mkubwa zibadilishwe, mwanasaikolojia asiyethubutu kumwambia mfadhili kwamba orodha ya maswali yake inawaumiza wanawake: gharama ya ukimya wao wanailipa wasio na diploma yoyote. Wala sitaki watu wasio na mashaka. Muuguzi anayehakiki kipimo cha dawa mara mbili namtaka abaki hivyo. Kuna shaka juu ya kazi, nayo ni sehemu ya taaluma, na kuna shaka juu ya haki ya kuifanya. Mapitio ya Dena Bravata na wenzake ya mwaka 2020, yaliyojumuisha tafiti 62, yalikuta hisia ya utapeli kwa wanawake na kwa wanaume pia, kwa viwango vilivyotofautiana kati ya asilimia 9 na 82 kulingana na kipimo kilichotumika. Kwa hiyo hisia yenyewe ni ya binadamu. Linalowatofautisha ni kile ambacho mazingira hukifanya nayo.

Na mahali pa kuanzia papo. Katika vikundi vya akiba na mikopo, vile vinavyofuata mfumo ulioanzia Niger mwaka 1991, sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Wapo wanawake wanaosoma hesabu pale kwa sauti mbele ya kikundi kizima, faranga kwa faranga, na hakuna anayeuliza kama wanajiamini. Wana daftari, wana ufunguo, wana mashahidi. Kamati ya usimamizi ya shule na kamati ya maendeleo ya eneo la afya zingeweza kuiga utaratibu huo bila mfadhili, na kumwandikia kila mwanamke mwenye wadhifa barua ya ukurasa mmoja inayosema anaamua nini peke yake. Ugumu uko kwenye muhuri. Serikali ya mkoa ilihamia Beni, M23 wana watawala wao Goma, na barua ya upande mmoja inaweza kumtia mtu matatani kwenye kizuizi cha upande wa pili. Ningeanza na zoni za afya na shule za makanisa, ambazo ndizo nyingi, kwa sababu ngazi zao za uongozi zina mizizi ya zamani kuliko mtawala yeyote anayekaa sasa Masisi-Centre. Barua hizo basi zitapita mezani kwa mapadri, wachungaji na waratibu wa elimu wa kanisa, ambao karibu wote ni wanaume, na itabidi wao watie sahihi kwanza.